Futi Sita kwa Nane

Nilipima kwanza kwa jivu.
Uani, nyuma ya jiko, Area C,
kabla jua halijaumaliza uvuli wa ukuta,
nikamimina mstari, futi tano kwa tano,
nikasimama katikati kama kuku tengani.
Sechelela, aliyetoka Mpwapwa kunihamisha,
akacheka dirishani:
"Mama, hapo hata hasira zako hazienei."

Barua ilikuwa mezani. Siku kumi na nne.
Nyumba ya serikali haikumbuki mtu;
ina namba ukutani, basi,
na namba ile ilitutangulia, itabaki.

Kizota, nyuma ya mashine za alizeti,
kijana Chilongani ana vyumba vya bati arobaini na viwili,
kila kimoja na kufuli la njano.
Akanitembeza: kidogo, cha kati,
na kile ambacho Fuso huingia kinyumenyume.
Kiunoni ana futi ya chuma
inayokimbilia ndani kama mjusi akiona mtoto.
"Una vitu gani, mama?"
Nikataja kama ninayesoma mirathi:
kitanda sita kwa sita, kabati la mninga,
cherehani ya miguu, friji lililokufa mwaka wa mgao,
kiti cha Ndahani.
Akaandika. Kwenye kiti akauliza, "Kinakunjika?"
Nikamwambia: aliyekunjika ni mwenyewe. Kiti bado.

Hakucheka. Akafuta neno kwa kidole.
"Watu hupima sakafu, wakasahau dari.
Kitanda ukikifungua ni mbao tu.
Kochi tulisimamishe wima, godoro ubavuni mwake.
Vyombo vitie ndani ya friji;
likishakufa, nalo ni kabati."
Kila alichosema kilipunguza kodi.
Nikaanza kumpenda.

Lakini kuna kilindo.
Cha mama yangu, Mvumi:
gome la mti lililoshonwa kwa kamba,
kipana nusura mlango ukikatae,
kimo chake mabegani kwangu.
Mwaka wa mtama kilituvusha hadi mvua nyingine.
Mwaka wa njaa hakikupungua hata inchi;
tulikigonga, kikaitika kama ngoma.
Chilongani akakitazama kwenye simu, akashusha pumzi.
"Hiki kinataka cha kati peke yake.
Kitu kitupu, mama, ndicho kinachokula nafasi."

Usiku nikarudi kwenye jivu langu na tochi.
Nikakiweka kilindo pembeni, juu ya matofali.
Nikatia mablanketi. Nikatia mapazia.
Nikatia suti mbili za Ndahani, ile ya kaki chini,
viatu vyake, redio yake na betri zake zilizovuja,
faili la kesi ya kiwanja, sufuria tatu,
na mashuka ambayo hatukuwahi kuyatandika,
tukingoja wageni wa maana.
Kikala. Kikaendelea kula.
Miaka thelathini na moja ya ndoa
ikafika shingoni mwa chombo cha mtama,
ikaacha nafasi ya kiganja.
Nikafunika kwa ungo, nikakaza kwa khanga.

Asubuhi nikamwambia: nataka sita kwa nane.
Kipo kimoja tu, cha pembeni, paa limeinama.
Akapiga hesabu, akapiga tena, ni kijana mwaminifu:
"Mbona kile kidogo sasa kinatosha?
Ulipie ziada ya nini?"
Nikavua kandambili, nikapiga hatua
kutoka mlangoni hadi kilipo kiti,
unyayo mbele ya unyayo.
"Hapa unaweka nini?"
Hapa napita.
Kila mwisho wa mwezi nitakuja kulipa.
Basi litanishusha asubuhi,
na kabla bati halijashika moto
nitakaa dakika kumi, sitagusa kitu.

Akakuna kichwa. Akaandika risiti, ninayo hapa,
kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kutoonea wala kusamehe:
Vitu, elfu ishirini na tano.
Njia, elfu nane.

Sikuomba punguzo.